Moto wa Kambi Si wa Mpishi Peke Yake



Kiangazi kikikaribia, malori huanza kupakia watu hapa Kawempe. Ukisimama alfajiri kando ya barabara ya Bombo utawaona: vijana wenye mablanketi yaliyofungwa kamba, mapanga, masufuria meusi kwa masizi, na gunia la unga wa posho. Wengine wanakwenda kupalilia misitu ya misonobari upande wa Nakasongola, wengine kukata miwa Masindi, wengine kuchimba mitaro na kutengeneza barabara. Miongoni mwao wamo wanachama wetu waliopunguzwa viwandani, nao wamechukua kazi yoyote iliyopatikana. Wote watalala kambini, na penye kambi pana moto.

Wako watu wa mjini ambao kwao kambi ni starehe. Hulipa fedha nyingi ili walale hemani siku mbili, wawashe moto, wapige picha, warudi nyumbani kuoga. Hatuwaonei wivu. Lakini kwa mfanyakazi kambi ni nyumba ya miezi mitatu au minne, na moto ndio jiko, ndio taa, ndio joto la usiku, ndio baraza. Mtu wa Arua, mtu wa Masindi na mtu wa Kabale huketi mbele ya moto mmoja na kuongea Kiswahili, maana hakuna lugha nyingine ya kuwakutanisha. Huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo "usiwashe moto". Atakula nini?

Tumeona vema kuandika juu ya jambo hili kwa sababu kila tukisikia kambi imeungua, au shamba la miti limeungua kutokana na kambi, uchunguzi huishia kwenye swali moja: nani aliwasha? Akishapatikana, naye mara nyingi ni mpishi, hukatwa mshahara au hufukuzwa, na mambo yamekwisha. Haulizwi aliyechagua mahali pa kambi. Haulizwi aliyesahau kuleta pipa la maji. Sisi tunasema maswali hayo ndiyo ya kwanza.

Kwanza tueleze habari ya mlima Kilimanjaro, kwa kuwa pale jambo hili lilionekana na dunia nzima.

Siku ya Jumapili tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka mlimani huko, mahali paitwapo Whona. Hicho ni kituo cha kupumzikia katika njia ya Marangu, kati ya kambi ya Mandara iliyo kwenye kimo cha mita 2,700 hivi na kambi ya Horombo iliyo kwenye mita 3,700 hivi. Wageni wanaopanda mlima husimama hapo, huvuta pumzi na kula. Wageni hawabebi mizigo yao; huibeba wapagazi, ambao ni wafanyakazi kama sisi. Kanuni ya hifadhi ni kwamba mpagazi asibebe zaidi ya kilo 20, na katika kilo hizo mna hema la mgeni, chakula chake, maji na vyombo vya kupikia.

Wakubwa wa Hifadhi za Taifa za Tanzania, yaani TANAPA, walitangaza kwamba kwa habari za awali moto ulianza wakati wapagazi walipokuwa wakipasha chakula cha wageni. Majani makavu yakashika, upepo ukachukua. Kule juu hakuna magari ya zimamoto, wala bomba la maji, na hewa ni nyepesi hata mtu akikimbia hatua ishirini anahema. Watu zaidi ya 500 walipanda kupambana nao, wakiwamo watumishi wa hifadhi, wanafunzi na wanavijiji, wengi wakipiga moto kwa matawi na kuukatia njia kwa mapanga na majembe. Ilichukua zaidi ya wiki. Tena ukizimwa hapa ulifufuka pale, maana ulikuwa umeingia katika mizizi na udongo wa majani yaliyooza. Kwa hesabu ya TANAPA, eneo lililoungua lilifika kilomita za mraba 95. Ili msomaji wa Kawempe apate picha: jiji zima la Kampala, kutoka kwetu huku hadi Makindye, pamoja na sehemu yake ya ziwa, ni kilomita za mraba 189. Kwa hiyo lilioungua ni kama nusu ya jiji. Kwa bahati njema hatukusikia mtu kufa.

Magazeti ya nchi nyingi yakaandika: wapagazi wameunguza Kilimanjaro. Ni kweli kwamba moto huwashwa na mkono wa mtu, nasi hatuna haja ya kubishana na taarifa ya TANAPA. Lakini mpagazi hakupasha chakula kwa raha yake. Mgeni alilipa, kampuni iliahidi chakula cha moto, saa ilikuwa imepangwa, na mwezi ulikuwa Oktoba, mwisho wa ukame, ambapo kila jani mlimani ni kiberiti. Je, palikuwa na jiko lililojengwa kwa mawe na kukingwa upepo? Palikuwa na pipa la maji hatua tano kutoka motoni? Kama havikuwapo, mwenye kuviweka ni nani: ni kijana aliyebeba kilo 20, au ni aliyepokea fedha za mgeni? Miaka miwili baadaye, tarehe 21 Oktoba 2022, moto mwingine ulizuka mlimani humo karibu na kambi ya Karanga. Mwezi ni ule ule.

Sasa turudi kwetu, tusije tukawahurumia Wachagga wa Marangu tukajisahau.

Kiangazi chetu ni Desemba hadi Februari, kisha Juni na Julai. Miezi hiyo ndiyo kazi za kambi zinapochanganya. Kambi inapowekwa, nyapara hutafuta mahali pa karibu na kazi na pasipohitaji kufyekwa sana. Ndiyo sababu kambi nyingi tulizozitembelea ziko katikati ya nyasi zinazofika kiunoni, au chini ya misonobari ambayo majani yake makavu yametanda ardhini kama zulia. Majani ya misonobari yana utomvu. Cheche moja tu yatosha.

Fyekeni kwanza, kabla ya kusimamisha hema hata moja. Mahali pa moto pasafishwe hadi udongo mtupu uonekane, mita tatu kila upande, si nyasi tu bali na majani makavu na mizizi ya juu juu. Tazameni na juu pia: tawi likining'inia juu ya moto, likatwe au sogezeni mafiga. Mahema yawe upande unakotoka upepo, angalau hatua kumi kutoka motoni, ili cheche ziende mbali nayo. Upepo wa mchana na wa usiku haufanani, basi muulizeni mwenyeji wa pale kabla ya kujenga. Mwenyeji hujua. Kuni zirundikwe mbali, si kando ya mafiga kama tulivyozoea kuweka ili mpishi asiinuke. Na hema moja lisigusane na jingine. Turubai la nailoni haliungui kama pamba. Linayeyuka na kudondoka likiwaka, na tone lake likimwangukia mtu hushika ngozini.

Koti la kazi la rangi ya kung'aa, lile tunalopewa ili tuonekane barabarani, nalo ni kitambaa cha namna hiyo hiyo. Mpishi alivue kabla ya kusogelea moto. Nguo ikishika, asikimbie, maana kukimbia ni kuupepea. Alale chini ajiviringishe, na wenzake wamfunike na blanketi zito au gunia lililolowa.

Jambo linaloleta ubishi mwingi ni namna ya kuzima. Karibu kila kambi tunaambiwa, "Sisi huzima vizuri sana, tunafukia na udongo." Basi huwa tunawauliza swali dogo: mkaa unachomwaje?

Hapa Kawempe hakuna asiyejua mkaa. Magunia yanashuka kwa barabara ya Bombo kila siku kutoka Luweero na Nakasongola. Mchomaji hupanga magogo, huyafunika kwa majani, kisha kwa udongo, huwasha, huziba. Tanuri hilo huwaka chini kwa chini siku nyingi, hata wiki na zaidi likiwa kubwa. Udongo hauuzimi moto ule. Udongo ndio unaoutunza. Kwa nini basi tunafikiri udongo uzime kuni zetu za kambini? Ukifukia makaa usiku umetengeneza tanuri dogo. Asubuhi juu panaonekana majivu baridi, chini pako moto mwekundu. Mtoto wa mama anayeuza chai hupita pekupeku akakanyaga. Au watu huhamia kambi nyingine, upepo wa saa saba hufukua majivu, na ifikapo jioni msitu unawaka nao wako mbali wasijue lolote. Ndivyo mizizi ya Kilimanjaro ilivyofufua moto.

Dawa ni maji. Mwaga maji, koroga majivu kwa fimbo, geuza magogo upande wa chini, mwaga tena. Kisha weka mgongo wa mkono karibu na majivu, halafu uyaguse. Kama huwezi kuyagusa kwa kuwa yana moto, basi moto haujazimika. Pasipo na maji ya kutosha, changanya udongo mbichi na makaa, ukoroge mpaka kila kaa lipoe, lakini usifukie ukaenda zako. Kazi hii huchukua robo saa. Tunajua kwamba lori la asubuhi halisubiri, na nyapara anapiga kelele watu wapande. Robo saa hiyo ni ya kazi, ihesabiwe kama saa nyingine, na nyapara aambiwe hivyo mapema mbele ya watu.

Wengine watasema maji yenyewe ya kunywa hayatoshi. Tumeona kambi moja, ya kampuni tusiyoitaja, ambapo watu zaidi ya arobaini walipewa jerikani sita kwa siku, za kunywa, kupika na kunawa. Hapo kumwambia mpishi azime moto kwa maji ni kumdhihaki. Ndiyo maana tunasema moto wa kambi si wa mpishi peke yake.

Petroli tutaisema kwa ufupi, kwa sababu watu wa upande huu wamejifunza kwa machozi. Tarehe 29 Juni 2013 lori la mafuta liliungua Namungoona, kwenye barabara ya kuzunguka jiji, na watu zaidi ya 30 walikufa, wengi wao wakiwa wamekwenda kuchota. Tarehe 22 Oktoba 2024 ikawa vilevile Kigoogwa, karibu na Matugga, kwenye barabara yetu hii ya Bombo. Petroli yenyewe si ndiyo inayorukia moto. Ni mvuke wake. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kama maji yasiyoonekana, hukuta moto mbali na pale ulipomwaga, kisha moto hurudi kwa mwenye chupa. Kambini hufanyika hivi: kuni zimelowa, watu wana njaa, dereva wa lori anatoa kikombe cha petroli, "tumalize maneno". Kikombe hicho kinatosha kumwunguza uso na mikono. Kuni zikilowa, pasueni gogo, katikati yake ni pakavu. Wekeni vijiti vya kesho chini ya turubai la kuni kabla ya mvua. Mafuta ya taa nayo yasimwagwe juu ya makaa yanayofuka, maana hugeuka mvuke na kulipuka.

Sasa tuje kwenye muuaji asiye na moshi. Tunaomba sehemu hii isomwe kwa sauti kambini, kwa wale wasiosoma.

Mvua inaponyesha au baridi ikizidi, hasa katika nchi za milima kama Kabale na Kapchorwa, watu huingiza jiko la makaa, yaani sigiri, ndani ya hema au ndani ya chumba cha mabati. Wanasubiri kwanza moshi uishe. Wanasema makaa yakishakuwa mekundu hayana ubaya. La! Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na haikerehi koo kama moshi. Inaingia mwilini na kushika damu, ikikaa mahali pa hewa safi ambayo damu ingeibeba. Mtu huanza kuumwa kichwa, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea. Lakini mtu aliyechoka kwa kazi ya kutwa hazisikii dalili hizo, kwa sababu amelala. Asubuhi wenzake wanamkuta kama anasinzia. Ndipo hutafutwa mchawi, au husemwa alikula sumu.

Kuna ushauri mwingi wa bure juu ya jambo hili. Wengine huweka karai la maji karibu na sigiri. Wengine hukata kitunguu. Wengine huacha pazia la hema wazi kidogo. Maji na kitunguu havifanyi kitu chochote kwa gesi hiyo, na upenyo mdogo hautoshi, maana makaa yanaendelea kuitoa usiku kucha. Sigiri ilale nje. Anayetaka joto apewe blanketi la pili, na hilo ni deni la mwajiri anayempeleka mtu kulala penye baridi. Mkimkuta mwenzenu amelegea ndani ya hema lenye jiko, msiingie mkakaa kumwamsha. Mvuteni nje haraka kwenye hewa safi, na apelekwe hospitali hata kama amezinduka akasema yu mzima. Mwelezeni daktari kwamba palikuwa na makaa ndani, la sivyo atatibiwa malaria.

Mitungi midogo ya gesi ya kupikia nayo imeanza kuingia kambini. Hatuikatai, mahali penye nyasi kavu ni afadhali kuliko kuni. Ila isipikiwe ndani ya hema, na mpira wake upakwe povu la sabuni kila mtungi unapobadilishwa. Povu likivimba, gesi inavuja.

Mtu akiungua, maji safi ya baridi yatiririke juu ya jeraha dakika 20. Tunasema ishirini kwa saa, si kuchovya na kutoa. Pete na saa za mkono zivuliwe kabla ya kuvimba. Nguo iliyogandamana na ngozi isivutwe. Malengelenge yasitobolewe. Kisha funikeni kwa kitambaa safi na mumfunike mgonjwa sehemu nyingine za mwili asipate baridi. Dawa ya meno, samli, unga, mayai mabichi na mafuta ya gari ni adui wa jeraha, hata kama bibi zetu walitumia. Hapa Kampala walioungua vibaya hutibiwa hospitali ya Kiruddu, upande wa kusini wa jiji. Tunaeleza hivyo kwa sababu watu wa kwetu hukimbilia hospitali kubwa ya Kawempe iliyo karibu, nayo kazi yake hasa ni akina mama wajawazito na watoto wachanga, na muda hupotea njiani. Walio mashambani waanzie kituo cha afya cha karibu waombe barua na gari. Zimamoto iko chini ya Polisi, na simu ni 999 au 112. Lakini ndugu, gari la zimamoto kutoka mjini hadi msituni linachukua masaa. Hesabuni kwamba mko peke yenu.

Hapo ndipo sheria inapoingia, na wengi wetu hatuijui.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 haikuandikwa kwa ajili ya viwanda vyenye kuta tu. Inaposema mahali pa kazi inahesabu pia mahali pa wazi: mashamba, misitu, barabara, na sehemu za ujenzi za muda. Basi kontrakta akikuambia "sheria hiyo ni ya kiwandani, hapa ni porini", anakudanganya au hajaisoma. Sheria hiyo inataka penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, nayo iwe na wafanyakazi ndani yake. Kambi ya watu arobaini inastahili kamati. Tena inampa mfanyakazi haki ya kujiondoa mahali anapoona kwa sababu ya haki kwamba pana hatari kubwa ya papo hapo. Moto ukivuka njia mliyoukatia na nyapara akasema "rudini mkazime miti ya bwana", mna haki ya kuondoka. Miti hupandwa tena.

Ya pili ni Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000. Humo mna jambo ambalo tungependa kila mpishi wa kambi alijue kwa moyo. Mfanyakazi akiumia kwa ajali iliyotokana na kazi akiwa kazini, fidia hulipwa hata kama ajali ilitokana na uzembe wake mwenyewe. Ndiyo, hata kwa uzembe wake. Kwa hiyo mwajiri anayesema "huyu alijiunguza mwenyewe kwa ujinga wake, hatulipi" anasema maneno yasiyo na nguvu. Tumekuta wenzetu wenye vidole vilivyogandamana, waliokubali elfu kadhaa za nauli wakarudishwa kwao, kwa sababu waliona aibu kwamba moto waliuwasha wao. Aibu hiyo inawaokolea waajiri fedha nyingi.

Ubishi huwa mahali pengine, katika kuonyesha kwamba alikuwa kazini. Mwajiri husema: huyu tulimwajiri kukata miwa, hatukumwajiri kupika; jioni ni wakati wake. Na kweli, katika kambi nyingi mpishi hana barua ya upishi. Ni zamu. Leo wewe, kesho mimi, au ni kijana mdogo kuliko wote, au ni yule aliyeumwa mgongo akashindwa panga. Kwenye daftari la mshahara ameandikwa kibarua. Anapika posho na maharagwe ya watu arobaini kutoka saa kumi alfajiri, na siku akiungua anaambiwa alikuwa akijipikia. Kwa hiyo jina la mpishi na zamu zake liandikwe. Karani akikataa, andikeni wenyewe katika daftari, tarehe kwa tarehe, na nyapara atie sahihi. Ajali ikitokea, mwajiri aarifiwe mara moja kwa maandishi, nakala ije chamani, na majina ya watu wawili walioona yaandikwe siku ile ile kabla watu hawajatawanywa kambi nyingine. Kutawanya mashahidi ni hila ya zamani sana.

Mjumbe wa kambi, ukifika mahali papya, usisubiri mkutano. Siku ya kwanza kabla ya giza zunguka upige hesabu: hatua ngapi kutoka motoni hadi nyasi za karibu, jerikani ngapi za maji, mabeleshi mangapi, njia ngapi za kutoka, na kama kuna mlango unaofungwa kwa nje usiku. Hilo la mlango halivumiliki hata kwa usiku mmoja. Tumeambiwa ziko kambi ambapo walinzi hufunga mabanda kwa kufuli ili watu wasitoroke na mapanga ya kampuni. Funguo irudi ndani, na mapanga yawekwe stoo. Hesabu hiyo itume kwa katibu wa tawi, hata kwa simu.

Nasi wa ofisini tutaipeleka mezani. Mapatano mengi ya kazi tuliyo nayo yanataja mshahara, likizo, na posho ya safari, lakini neno kambi halimo, kana kwamba watu hulala hewani. Katika mazungumzo yajayo tunataka liandikwe: mahali pa kupikia palipojengwa kwa mawe na kuezekwa mabati, nje ya mahema, pipa la maji ya moto tu, lisiloguswa kwa kunywa, mabeleshi mawili na mtungi wa kuzimia moto kwa kila banda, blanketi mbili kwa kila mtu penye baridi, robo saa ya kuzima moto ihesabiwe katika saa za kazi, na mpishi aandikwe mpishi, alipwe kama mpishi.